Kitulizi cha Lenzi Kinapoharibu Picha ya Mpira

Picha ninayotaka kuanza nayo haikuwahi kuchapishwa mahali popote. Niliipiga kwenye uwanja wa Lugogo, Kampala, katika mechi ya ligi iliyokuwa ikielekea ukingoni, nikiwa nimekaa nyuma ya mstari wa goli, upande wa kushoto wa lango, na lenzi yangu ya mtumba ya milimita 70 hadi 200 ikiwa imevutwa hadi mwisho wake. Winga wa timu ya nyumbani alimpita beki, akakata kuingia ndani, na mimi nikamfuata kwa kamera tangu alipoupokea mpira hadi alipoupiga. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera picha ilionekana safi kabisa, nikajipongeza kimoyomoyo. Usiku, nilipoifungua kwenye kompyuta na kuikuza, namba ya jezi yake, 11, ilikuwa na mistari minne badala ya miwili: kila mstari mweupe ulikuwa na pacha wake hafifu aliyesogea pembeni kidogo, kama maandishi yaliyopigwa chapa mara mbili na karatasi ikateleza katikati. Jicho lake lilikuwa na safu mbili za kope. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga wa picha, ilikuwa 1/1000 ya sekunde.

Mhariri wa picha niliyemtumia alinijibu kwa neno moja, "Imecheza," nami nikaona kwamba amenionea. Kwa kasi ya 1/1000, na kwa lenzi ambayo swichi yake ya kutuliza picha ilikuwa imewashwa tangu siku niliyoinunua, picha ingechezaje? Niliilaumu fokasi, nikailaumu kamera, nikafikia hata kumlaumu aliyeniuzia lenzi, na miezi mingi ilipita kabla sijamshuku mtuhumiwa aliyekuwa mbele ya macho yangu wakati wote, yaani swichi yenyewe.

Mfumo huo kila kampuni huuita kwa jina lake: Canon huandika IS juu ya lenzi, Nikon huandika VR, Sony huandika OSS, Sigma huandika OS na Tamron huandika VC. Hapa nitauita kitulizi, ili tusigombanie herufi. Canon ilitoa lenzi yake ya kwanza yenye kitulizi, ya milimita 75 hadi 300, mwaka 1995. Nikon ikafuata mwaka 2000 na lenzi ya milimita 80 hadi 400. Na baadaye wengine wakakihamishia kitulizi ndani ya kamera yenyewe, ambako kinachosogezwa ni kihisi cha picha badala ya vioo vya lenzi. Nitazungumzia zaidi kitulizi cha ndani ya lenzi kwa sababu ndicho tulicho nacho wengi wetu tunaonunua vifaa vya mtumba, ingawa mengi nitakayoyasema yanahusu aina zote mbili.

Kazi yake si ngumu kuieleza. Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vya jairo vinavyopima jinsi kamera inavyogeuka, kimoja kwa mgeuko wa juu na chini, kingine kwa mgeuko wa kushoto na kulia. Vipimo hivyo hupelekwa kwenye kompyuta ndogo mara nyingi katika kila sekunde, na kompyuta hiyo huziamuru sumaku za umeme zilisukume kundi moja la vioo kuelekea upande wa pili, ili picha inayoangukia kwenye kihisi ibaki pale pale ilipokuwa. Ukiweka sikio karibu na lenzi huku umebonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, utausikia mfumo ukinguruma kwa mbali kama friji ya duka la jirani. Vihisi hivyo vya jairo vina upofu mmoja mkubwa: havioni picha. Havijui kwamba mbele yako kuna winga, wala kwamba umeamua kumfuata. Vinachojua ni kwamba kamera inageuka, na kitulizi kimetumwa kuupinga mgeuko huo. Mkono unaotetemeka na mkono unaomfuata mchezaji, kwa vihisi hivyo, ni mkono uleule, isipokuwa wa pili umezidisha.

Mtetemeko wa mkono wa binadamu ni mdogo na wa harakaharaka, kiasi cha mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ukichanganyika na kuyumba kwa taratibu kwa mwili mzima unapopumua. Huo ndio ugonjwa uliotengenezewa dawa hii. Kanuni ya tangu enzi za filamu inasema kwamba anayeshika lenzi ya milimita 200 kwa mkono asishuke chini ya 1/200 ya sekunde, na kitulizi kinachotangazwa kuwa na nguvu ya hatua tatu, kila hatua ikiongeza muda huo maradufu, kinampa ruhusa ya kushuka hadi 1/25. Kwa anayepiga picha ya msikiti wa Old Kampala taa zinapowashwa jioni, hiyo ni neema tupu. Msikiti haukimbii.

Wachezaji hukimbia. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alipoweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Valencia tarehe 7 Oktoba 2020, alitumia dakika 26 na sekunde 11, yaani mwili wake ulikwenda kwa wastani wa karibu mita 6.4 kila sekunde. Katika ile 1/25 ambayo kitulizi kinakuahidi, mtu wa mwendo huo anakuwa amesogea sentimita 25. Katika 1/125 amesogea sentimita 5. Katika 1/1000 amesogea milimita 6 hivi. Na hapo tunazungumzia kiwiliwili tu. Mguu uliokanyaga chini husimama kwa nukta ndogo ya wakati, huku ule unaorushwa mbele ukienda kwa kasi inayokaribia mara mbili ya kasi ya mwili, ndiyo maana unaweza kupata picha ya mkimbiaji ambaye kifua chake ni kikali, kiatu kimoja ni kikali, na kiatu cha pili kimegeuka kuwa mstari wa rangi. Kitulizi, hata kiwe cha bei gani, hakiwezi kuurudisha mguu huo mahali pake, kwa kuwa aliyesogea ni mkimbiaji na kamera ilikuwa imetulia.

Kwa hiyo njia ya kwanza ambayo kitulizi huleta ukungu ni kwa kumdanganya mwenye kamera, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko nyingine zote. Hapa kwetu mtego huo hutegwa na jua. Viwanja vingi vya Uganda havina taa, mechi huanza saa kumi jioni, na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, tena likizama halina kwaheri ndefu. Mechi ikichelewa kuanza, au ikienda dakika za nyongeza na kisha matuta, mwanga hupungua mbele ya macho yako. Mwenye kitulizi hujiambia kwamba anaweza kuishusha shata hadi 1/160 badala ya kuipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuitikia mwanga, kwa sababu lenzi yake inashika. Inashika kweli: mabango ya matangazo yanatoka makali, nyavu zinahesabika tundu kwa tundu, mashabiki wa nyuma ya lango wana nyuso, na wachezaji wote walioirukia kona ni moshi. Picha ya ISO 6400 yenye chengachenga ninaweza kuipeleka kwa mhariri bila aibu. Mchezaji aliyegeuka moshi hapelekeki.

Picha yangu ya Lugogo, hata hivyo, haikuwa na tatizo hilo, kwa kuwa shata ilikuwa na kasi ya kutosha. Tufanye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonishawishi hatimaye. Winga alikuwa umbali wa kama mita 20, akikatiza mbele yangu kwa takriban mita 7 kwa sekunde. Ili abaki katikati ya fremu ilinibidi niigeuze kamera kwa nyuzi 20 hivi kila sekunde, mgeuko ambao ni mkubwa mno ukilinganishwa na mtetemeko wa mkono. Kwa lenzi ya milimita 200 na umbali huo, kila mita ya uwanjani huwa sentimita moja kwenye kihisi cha picha, kwa hiyo mwendo wake ulikuwa sawa na milimita 70 kwa sekunde juu ya kihisi, au milimita 0.07 katika 1/1000 ya sekunde. Kamera yangu ya pikseli milioni 24 ina pikseli zenye upana wa milimita 0.006 hivi. Ukigawanya unapata pikseli 12. Huo ndio ukungu ambao winga angekuwa nao kama ningeishikilia kamera bila kuigeuza, na ndio ukungu tunaoufuta kwa kumfuata. Sasa ongeza kitulizi ambacho hakijatambua kwamba ninamfuata mtu. Kikifanikiwa kupunguza hata theluthi moja tu ya mgeuko wangu, kinamrudishia mchezaji ukungu wa pikseli nne, ambao kwenye kioo cha nyuma ya kamera hauonekani, lakini kwenye kompyuta unatosha kabisa kuipa namba 11 mistari minne.

Tena hakifanyi kazi hiyo kwa utulivu. Vioo vya kitulizi vina nafasi ndogo ya kusogea ndani ya lenzi. Kamera ikiendelea kugeukia upande mmoja, hufika ukingoni na kukosa pa kwenda, na hapo mfumo hulazimika kuvirudisha katikati ili vianze upya. Fremu ikiangukia kwenye nukta ya kurudishwa huko, unapata ule upacha wa mistari ambao mtu huutazama na kudhani kwamba lenzi imevunjika kioo ndani. Vitulizi vingi hujaribu kujinasua kwa kukisia: vikiona mgeuko wa upande mmoja umeendelea kwa muda, huamua kwamba mwenye kamera anafanya makusudi, na kuacha kuupinga. Kukisia huko kunahitaji muda, na winga haendi upande mmoja kwa muda. Anakwenda kulia hatua sita, anasimama, anageuka kushoto, anajifanya atarudi kulia, kisha anapiga. Kila anapogeuka, kitulizi huanza kukisia upya.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mpigapicha kutoka Dar es Salaam, niliyekaa jirani naye kwenye uwanja wa Namboole mwezi Agosti 2025, wakati Uganda, Kenya na Tanzania zilipoandaa pamoja mashindano ya CHAN ya 2024. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaiangalia lenzi yangu kabla ya kuniangalia mimi.

"Mwanangu, hicho umekiwashia nini?" akauliza, akiigusa swichi kwa ukucha.

Nikamweleza kwamba ni kwa ajili ya kuzuia kutikisika.

"Kutikisika kwa nani, kwako wewe au kwao?"

Baada ya hapo alirudi kwenye kitundu chake cha kutazamia, na hakunisemesha tena hadi mapumziko. Kipindi cha pili nilikizima, zaidi kwa kumwonea haya kuliko kwa kumwamini.

Kwa kuwa sikutaka kumfuata kwa ajili ya mvi zake tu, Jumapili moja nilisimama kando ya barabara ya Jinja, karibu na Banda, nikawapiga picha waendesha bodaboda waliokuwa wakipita. Bodaboda ya kilomita 40 kwa saa huenda mita 11 kila sekunde, kwa hiyo ni mtihani mkali kuliko winga yeyote. Niliiweka shata kwenye 1/1000, nikapiga zamu moja kitulizi kikiwa kimewashwa kwenye hali ya kwanza, ile inayopinga mgeuko wa pande zote, zamu ya pili kikiwa kimezimwa, na kipimo changu kilikuwa maandishi ya kwenye koti la kuakisi mwanga la dereva, ambayo nyumbani niliyakuza hadi yajaze kioo cha kompyuta. Nilitarajia kwamba zamu ya kwanza ingetoka mbovu yote. Haikuwa hivyo. Waliopita moja kwa moja bila kubadili mwendo walitoka sawa katika zamu zote mbili, isipokuwa kwenye fremu ya kwanza au ya pili ya kila mfululizo, ambapo zile za kitulizi hazikuwa kali. Tofauti kubwa ilionekana kwa waliokuwa wakikwepa mashimo. Pale dereva anapoiyumbisha pikipiki ghafla kushoto na kamera ikamfuata, kitulizi kilibaki nyuma, na maandishi ya koti yakapata pacha. Yumkini ni mara ya kwanza kwa mashimo ya Kampala kumsaidia mtu.

Suala la fremu za kwanza linastahili kuelezwa, kwa kuwa kwenye mpira fremu ya kwanza mara nyingi ndiyo yenye goli. Unapobonyeza kitufe nusu, vioo vya kitulizi huachiliwa kutoka mahali vilipofungwa na kuanza kutafuta utulivu wake, na katika lenzi za zamani hilo linaweza kuchukua nusu sekunde au zaidi. Ukitazama ndani ya kitundu utaiona picha ikiruka kidogo kisha ikatulia, kama mtu anayekaa sawa kwenye kiti. Anayebonyeza kitufe moja kwa moja hadi chini kwa sababu mpira umemfikia mshambuliaji ghafla anapiga picha wakati vioo bado vinahangaika. Hali huwa mbaya zaidi kwa sisi tunaolenga kwa kitufe cha nyuma, kile cha kidole gumba, kwa sababu kwenye baadhi ya kamera kitufe hicho huamsha fokasi peke yake na kukiacha kitulizi kimelala hadi kidole cha shahada kitakapogusa kitufe cha shata. Unaweza kumfuata mchezaji kwa sekunde tano nzima ukidhani kila kitu kiko tayari, kumbe kitulizi kinaamshwa katika sekunde ileile unayopiga. Ukitaka kujua kamera yako iko kundi gani, shikilia kitufe cha nyuma peke yake, sikiliza kama friji imenguruma.

Wako wanaosema kwamba juu ya 1/500 kitulizi daima huharibu picha. Mimi siwafuati hadi huko. Nilipoishikilia kamera bila kuigeuza, kwa 1/1000, sikuona tofauti yoyote kati ya kuwasha na kuzima, na sina shaka kwamba lenzi za miaka ya karibuni zinajua kukisia kuliko yangu. Ninachosema ni kwamba kwa kasi hiyo faida yake kwenye picha ni karibu na sifuri, wakati hasara yake hujitokeza mara mojamoja, tena kwenye fremu ambayo ungeihitaji zaidi. Na kinakula betri, jambo ambalo mtu hulikumbuka dakika ya 80.

Watengenezaji wenyewe hawakuwa vipofu wa tatizo hili, na hali tofauti zilizoandikwa kando ya swichi ni majibu yao. Kila mlango na ufunguo wake. Kwenye lenzi za Canon, hali ya kwanza hupinga mgeuko wa pande zote, na ndiyo ya vitu vilivyotulia. Hali ya pili huuacha mgeuko wa upande unaofuata na kupinga ule wa kukatiza tu, kwa hiyo ukimfuata mtu kutoka kushoto kwenda kulia, kinachotulizwa ni kupanda na kushuka kwa mikono yako. Hali ya tatu ilikuja na lenzi kubwa za milimita 300 na 400 zilizotangazwa mwaka 2010: humo vioo hutulia kimya wakati unatazama, vikafanya kazi katika nukta ya kupiga tu, na kwa hiyo havipigani nawe unapomtafuta mchezaji. Nikon iliweka hali yake ya michezo, yenye makusudi kama hayo, kwenye lenzi ya milimita 400 ya mwaka 2014. Mwenye hali ya namna hiyo aitumie na asisumbuke na mengi niliyoyaandika hapa.

Hali ya pili ninaipenda kwa jambo moja mahususi, nalo ni mashindano ya pikipiki pale Garuga, ninapotaka shata ya taratibu kwa makusudi. Kwa 1/60, nikiigeuza kamera sawasawa na pikipiki, nyasi za nyuma huvutika kuwa michirizi, magurudumu yakaonekana yanazunguka, na kofia ya dereva ikabaki kali. Hapo mikono yangu inayopanda na kushuka ndiyo adui, na kitulizi cha hali ya pili humshika vizuri. Hata huko picha nzuri ni chache, labda moja kwa kila mfululizo, lakini bila kitulizi huwa chache zaidi. Kwenye mpira wa miguu hali hiyo hunisaidia kidogo, kwa sababu mpira hauna mstari ulionyooka. Kipa anayeruka kuufuata mpira wa pembe ya juu huenda kwa mshazari, na mshazari ni kushoto na juu kwa pamoja, kwa hiyo upande mmoja lazima upingwe. Kwenye raga ndiyo kabisa: mtu anakujia usoni, anakwepa mara mbili, analala chini na mpira.

Kabla ya kukitupia kitulizi lawama zote, inafaa kuisoma picha yenyewe, maana kila ukungu una alama zake za vidole. Mimi huanza na mabango ya matangazo. Yakiwa makali na mchezaji amefutika, shata ilikuwa ya taratibu mno. Mchezaji na mabango wakiwa wamefutika kwa pamoja kuelekea upande mmoja, kamera ilitikiswa. Majani ya mbele ya miguu yake yakiwa makali kuliko uso wake, fokasi ilianguka chini. Kila kitu kikiwa na ukingo maradufu, hasa mistari ya jezi, nyuzi za nyavu na namba mgongoni, hapo ndipo ninapoiangalia swichi. Kuna ukungu mwingine ambao haumo katika orodha hiyo na ambao umewapotosha wengi, nao ni wa joto. Kwenye riadha za shule zinazoendeshwa saa saba mchana, ukiwa na lenzi ndefu na mkimbiaji yuko mita 80 mbele yako, hewa inayopanda kutoka kwenye njia ya kukimbilia hupindisha picha, uso ukaonekana kama umetazamwa kupitia maji ya beseni. Nilipoteza siku nzima nikiwasha na kuzima kitulizi kwa ajili ya ukungu huo, na haukujali. Dawa yake ni kusogea karibu, au kuomba fainali zianze asubuhi, ombi ambalo sijawahi kukubaliwa.

Stendi ya mguu mmoja nayo ina mambo yake. Inabeba uzito na kuzuia kupanda na kushuka, ikabaki kuyumba kushoto na kulia tu, kwa hiyo nikiwa nayo, mchana, ninazima bila kufikiri. Kwenye stendi ya miguu mitatu lenzi za zamani zilihitaji kuzimwa kwa sababu nyingine: kwa kuwa hakuna mtetemeko, mfumo hujibu mitikisiko yake wenyewe na kuanza kuiyumbisha picha ambayo ingetulia. Ila michezoni nani anaweka miguu mitatu, labda wa televisheni.

Siku hizi ninaingia uwanjani kitulizi kikiwa kimezimwa, shata ikiwa 1/1000 au zaidi mwanga ukiruhusu, na ISO ikiachwa ipande inavyotaka. Ninakiwasha kwa kocha aliyekunja mikono kwenye benchi, kwa shabiki aliyejipaka rangi nyeusi, njano na nyekundu na kukaa kimya baada ya timu yake kufungwa, kwa foleni ya wachezaji wakati wa wimbo wa taifa, na kwa kukabidhi kombe giza likiingia, wakati ambapo kila mtu amesimama mahali pamoja na 1/100 inatosha. Kwa lenzi ya kuazima ya milimita 400 ninakiwasha pia mara nyingine, ingawa shata ni ya kasi, kwa sababu picha inayorukaruka ndani ya kitundu hunifanya nikose mahali pa kulenga, na fokasi isiyo na mahali pa kulenga ina ukungu wake yenyewe.

Kikwazo kilichobaki ni cha kijinga. Swichi ya lenzi yangu ni nyepesi, na begi hupanda bodaboda pamoja nami kutoka Ntinda. Mara mbili nimefika uwanjani nikapiga kipindi kizima bila kujua kwamba begi limeiwasha njiani. Sasa nimeifunika kwa kipande cha utepe mweusi wa mafundi umeme, nilichokikunja ncha ili kibanduke haraka kombe likitoka. Gundi yake huyeyuka kwenye jua la saa tisa, na kufikia mapumziko kidole gumba changu huwa kimenata.